SOMO LA 14: METALI NZITO NA VIJIDUDU WA UDONGO

Chota kijiko kimoja cha udongo wenye rutuba. Ndani yake mna bakteria wengi kuliko watu wote wa Mkoa wa Mara. Huwezi kuwaona bila hadubini, lakini kazi zao unaziona. Bakteria na kuvu huozesha majani na samadi mpaka yakawa mboji. Bakteria wengine hukaa katika vinundu vya mizizi ya maharage na karanga. Hao huchukua naitrojeni ya hewani na kuipa mimea.

Metali nzito

Zebaki, risasi na kadimi ni metali nzito. Jani likianguka huoza, lakini metali haiozi. Ikiingia udongoni hukaa miaka mingi.

Huko Buhemba, wilayani Butiama, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu. Zebaki nyingine hubaki katika mchanga uliooshwa. Nyingine hupaa kama mvuke inapochomwa, kisha huanguka juu ya ardhi na maji. Mjini Musoma, kama katika miji mingine, risasi yaweza kutoka katika betri kuukuu za magari zinapovunjwa ovyo.

Madhara yake

Metali hizi huvuruga kazi za mwili wa kijidudu. Wengi hufa, na wavumilivu wachache hubaki. Majani hukawia kuoza na mimea hukosa chakula. Huko Woburn, Uingereza, tope la maji machafu ya mjini lenye metali lilitiwa shambani kuanzia mwaka 1942 hadi 1961. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mimea ya klova ilikuwa bado haipati naitrojeni ya kutosha, kwa kuwa bakteria wa vinundu vyake wenye uwezo wa kunasa naitrojeni walikuwa wametoweka.

Matumizi ya ardhi

Udongo wa chini ya miti una mboji nyingi. Mboji hushika metali, hivyo hupunguza ukali wake. Udongo wa shamba lililochoka una mboji kidogo. Ukiwa na asidi nyingi pia, metali huyeyuka zaidi na kudhuru zaidi. Mchanga wa machimbo hauna mboji karibu kabisa, na ndio wenye metali nyingi.

Jaribio

1. Wewe na wenzako, leteni udongo wa bustani, wa chini ya mti na wa kando ya njia. Msichukue udongo wa machimbo wala wa mahali panapovunjwa betri.
2. Jazeni kila udongo katika kopo lake. Fukieni vipande sawa vya kitambaa cha pamba.
3. Tieni maji kiasi kilekile kila siku. Nawini mikono kwa sabuni.
4. Baada ya majuma manne, fukueni. Kipande gani kimeoza zaidi?

Kumbuka: kitambaa kisipooza, usiseme mara moja kwamba metali ndiyo sababu. Huenda mboji ni chache au udongo hauna hewa.

Maswali

1. Kwa nini makopo yote hutiwa maji sawasawa?
2. Taja kazi mbili za vijidudu wa udongo.
3. Jirani yako wa Mwigobero anataka kuvunja betri kuukuu karibu na bustani ya mchicha. Utamweleza nini?