Bangi Ikiruhusiwa na Serikali, Je, Itakuwa Halali?



Katika darasa yetu ya baada ya Isha, tulipofika katika mlango wa vileo, alisimama mzee mmoja katika wahudhuriaji wetu, mtu tumjuaye kwa kutopitwa na sala ya jamaa, akauliza suala ambalo hatukulitarajia kutoka kwake. Alisema: "Sheikh, mwanangu ana miaka 19. Amekamatwa maskani na msokoto mmoja wa bangi. Niliambiwa kituoni kuwa nikitoa kitu kidogo mambo yatakwisha hapo hapo. Sikutoa, na sasa kesi iko mahakamani. Kijana aniambia, 'Baba, ulimwengu wote waruhusu, na hapa petu karibu itaruhusiwa; basi kosa langu mimi ni kuzaliwa mapema tu.' Nimekosa la kumjibu."

Nasi twakiri kuwa usiku ule tulimjibu kwa ufupi mno. Tulisema: "Mwambie ni haramu, mzee wangu." Jawabu hilo ni la haki, lakini halikumtosha, na mzee alikwenda zake na suala lake kama alivyokuja nalo. Hii ndiyo sababu ya kuyaandika haya.

Kwanza yatupasa tujue linalobishaniwa, kwani wengi wetu twalizungumza barazani bila ya kulijua. Sharia ya Kenya ya mwaka 1994 juu ya madawa ya kulevya iliweka kifungo cha hata miaka 10 kwa aliyepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe, na sharia hiyo ikarekebishwa mwaka 2022. Mwaka 2018 aliyekuwa mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alitaka kupeleka mswada Bungeni ili bangi isiwe tena jinai. Mwaka 2021 jamaa wa Rastafari walipeleka madai yao Mahakama Kuu, Nairobi, wakisema kuwa kwao ni jambo la ibada. Kisha katika uchaguzi wa 2022 Bwana George Wajackoyah aliwaahidi watu kuwa ataruhusu bangi ilimwe na kuuzwa nje, na kwa fedha hizo deni la taifa lilipwe. Hakupata hata kura 1 katika kila 100, lakini maneno yake yaliingia katika kila maskani ya pwani hii, na vijana waliyashika kuliko walivyoshika hotuba za Ijumaa.

Nje ya nchi, Uruguay ilikuwa ya kwanza mwaka 2013, na Canada ikafuata mwaka 2018. Mwaka huo huo Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini iliamua kuwa mtu mzima asiadhibiwe kwa bangi atumiayo faraghani, ijapokuwa kuiuza kulibaki ni makosa. Mwezi wa Disemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura, 27 kwa 25, ikaiondoa bangi katika orodha iliyo kali kabisa ya mapatano ya 1961. Wala haikuiacha huru, kama wengine walivyoeneza, bali ilibaki chini ya mapatano hayo hayo.

Kwa hiyo kijana yule asema nusu ya kweli. Nusu aliyoiacha ni kama ya Thailand, iliyoifungua mlango bangi mwaka 2022, maduka yakajaa mijini, na mwaka 2025 serikali yenyewe ikarudi kuamuru kuwa isiuzwe illa kwa cheti cha tabibu. Na tukumbushe jambo ambalo Waislamu wenyewe wamelisahau: katika mkutano wa Geneva wa 1924 na 1925, aliyesimama kutaka hashishi iingizwe katika mapatano ya ulimwengu alikuwa mjumbe wa Misri, Dk. El Guindy, naye alisema kwa yale aliyoyaona yakiwapata watu wa nchi yake. Basi wanaosema kuwa kuikataza bangi ni fikira ya Wazungu tu iliyoletwa na ukoloni, wamekosea tarikhi.

Sasa turudi katika sharia yetu. Baadhi ya vijana husema: bangi haikutajwa katika Qur'ani wala haikunywewa Madina. Ni kweli haikutajwa kwa jina. Lakini Mtume (S.A.W.) hakukataza ulevi kwa jina la zabibu wala tende, alifahamisha kuwa kila kileweshacho hukumu yake ni moja, na kuwa kile kinacholewesha kwa wingi, uchache wake nao ni haramu. Sababu ya hukumu ni kufunikwa kwa akili, iwe ni kwa kunywa, kwa kula au kwa kuvuta moshi.

Hashishi ilipoenea katika miji ya Kiislamu, baina ya karne ya sita na ya saba ya Hijra, maulamaa waliitazama kwa makini, na hapa tunamtaka msomaji asimame nasi kidogo. Al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki aliyefariki mwaka 684 H., aliandika kuwa mafakihi wa zama zake waliafikiana kuikataza, kisha wakakhitilafiana katika adhabu yake. Yeye aliona kuwa hashishi yaharibu akili pasina kumpa mtu ile furaha na ushujaa wa mlevi wa mvinyo, kwa hivyo mtumiaji atiwe adabu na wala asipigwe hadi ya mlevi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 H., akasema kinyume: ni kileo kama mvinyo, na apigwe hadi. Maulamaa wa madh-hab yetu ya Kishafi walikuwa pamoja na wale wa kutia adabu, yaani ta'zir. Na Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake bado vyasomwa katika pwani yetu, aliihesabu miongoni mwa madhambi makubwa.

Uharamu waliafikiana; adhabu waliikhitilafia. Mambo haya mawili wao waliyatenganisha zaidi ya miaka mia saba iliyopita, na sisi leo twayachanganya. Kijana adhani kuwa serikali ikiondoa adhabu imeondoa na uharamu. Mzee naye adhani kuwa lau mtu atasema kifungo kipunguzwe, basi huyo amehalalisha bangi. Wote wawili wamekosea kosa moja.

Tazama pombe. Serikali ya Kenya yaiuzia leseni na kuitoza kodi tangu kabla ya uhuru, na hakuna Mwislamu hata mmoja aliyefika msikitini akauliza kama sasa imekuwa halali. Kwa nini bangi iwe na hukumu nyengine? (Na wanaotarajia bangi ilipe deni la taifa, watueleze: kodi ya pombe imekusanywa miaka yote hii, mbona deni liko pale pale?)

Hata ile hoja ya faragha, iliyoshinda mahakamani Afrika ya Kusini, si mpya kwetu. Mola ametukataza kupelelezana katika Suratul Hujurat, na al-Ghazali, katika kueleza masharti ya kukataza maovu, ameshurutisha kuwa ovu hilo liwe la dhahiri, wala asipelelezwe aliyejifungia mlango wake. Imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) aliparamia ukuta akamkuta mtu katika maasi nyumbani mwake, mtu yule akamwambia kuwa yeye kaasi mara moja, na Khalifa kaasi mara tatu: kapeleleza, hakuingia kwa mlango, na hakubisha hodi wala kutoa salamu. Umar akamwacha, kwa sharti atubu. Lakini je, kuna aliyesema kuwa lile alilokuwa akilifanya mtu yule liligeuka halali kwa sababu ya ukuta? Ukuta wamsitiri mtu na macho ya watu tu.

Juu ya manufaa yake, hatuna haja ya kukanusha. Qur'ani yenyewe, katika aya ya 219 ya Suratul Baqara, imekiri kuwa mvinyo na kamari vina manufaa kwa watu, kisha ikabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Mwaka 2018 wakuu wa madawa wa Marekani walikubali dawa ya kunywa iliyotolewa katika mmea huu kwa ajili ya aina kali za kifafa cha watoto, nayo haina ile asili ilevyayo. Dawa kama hiyo mzazi Mwislamu asiiogope. Na hata ile ilevyayo, maulamaa wa Kishafi waliijuzisha kwa dharura ya tiba isipopatikana nyengine, kama mtu anayekatwa kiungo akahitaji kupotezwa fahamu. Lakini dharura hupimwa na tabibu mwenye kuaminiwa. Kijana mwenye siha yake aliyekaa ufukweni akasema "najitibu mawazo" hayumo katika mlango huo.

Dhara zake nazo tuzitaje kwa ukweli. Madaktari wameona kuwa mwenye kuvuta sana tangu ujanani yu karibu zaidi na maradhi ya akili kuliko asiyevuta, na kuwa kumbukumbu na masomo yake hudhoofika. Hilo latosha. Tusiongeze kuwa msokoto mmoja huua, kwani kijana ajua si kweli, na akitushika kwa uongo mmoja hatatuamini katika kweli kumi. Tumewasikia wahubiri wetu wakisema hivyo, nao wawapoteza wale wanaotaka kuwaokoa.

Basi serikali ifanye nini? Rai yetu, nayo ni rai tu, ni kuwa Waislamu wapinge kufunguliwa maduka ya bangi na biashara yake. Kitu kikiuzwa hadharani kwa leseni, haya yake huondoka, na haya ikiondoka hairudi kwa amri. Al-Maqrizi, mwanatarikhi wa Misri aliyefariki mwaka 845 H., alilalamika kuwa katika zama zake watu walifikia kula hashishi waziwazi, ilhali zamani ilikuwa ni aibu hata kuitaja. Lakini kumfunga gerezani miaka kijana aliyekutwa na msokoto mmoja, hilo hatuoni kuwa sharia yetu yalilazimisha. Ta'zir imewekwa ili mtu atengenee, na kiasi chake kimewachiwa hakimu atazame maslaha. Kijana aingiapo gerezani kwa ajili ya bangi akatoka amefunzwa unga, hiyo ni adabu gani? Na sote twajua ni mtoto wa nani aingiaye, na mtoto wa nani arudishwaye nyumbani usiku huo huo kwa bahasha. Mmoja katika wenzetu wa darasa hakuridhika na rai hii. Aona kuwa kulegeza adhabu ni hatua ya kwanza ya kuhalalisha, na hoja yake si dhaifu. Tumekubaliana kukhitilafiana, kama walivyofanya waliokuwa bora kuliko sisi.

Ila kabla ya kuinyoshea serikali kidole, tujitazame. Unga umeingia Mombasa, Malindi na Lamu ilhali sharia imeukataza, na tangu mwaka 2015 mateja wa Malindi wapewa dawa ya methadoni katika hospitali ya serikali. Wao waliwapokea vijana wetu. Sisi tuliwafungia milango ya misikiti kwa kuogopa viatu kuibwa. Mwezi wa Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipiga marufuku muguka. Tukashangilia mimbarini, mahakama ya Embu ikaisimamisha amri, mambo yakarudi yalivyokuwa. Katika siku zile za kushangilia ni nani katika sisi aliyemwendea kijana mmoja na kumwuliza: ukiacha kutafuna, jioni utakwenda wapi? Harusi zetu hazipiti bila ya mafungu ya miraa, na kuna nyumba ambazo miraa hutandazwa usiku wa maulidi, wazee wakatafuna mpaka alfajiri kisha sala ya alfajiri ikawapita. Kijana ayaona hayo. Akiambiwa aache bangi na mtu mwenye shavu limefura, atamsikiliza kwa sikio gani?

Tulimwendea mzee wetu nyumbani kwake baada ya siku chache, kijana akiwapo, tukamwambia haya, si yote, kiasi cha haja. Kijana alituuliza suala moja tu: "Basi Sheikh, miraa ni halali?" Tulimjibu kuwa Ibn Hajar aliandika risala nzima juu ya kati, naye alijizuia kuiharimisha moja kwa moja kwa sababu habari zilizomfikia zilikuwa zapingana, akanasihi iepukwe, na kuwa sisi twaona hali ya leo yataka itazamwe upya. Akasema, "Basi itazameni." Baba yake alitaka kumkemea, tukamzuia, kwani alikuwa na haki.

Kesi yake itasikizwa mwezi ujao, na wawili katika sisi watakwenda naye mahakamani, kumweleza hakimu kuwa wako watu walio tayari kumsimamia. Mas-ala ya miraa na muguka tumeyawekea darasa Jumanne ijayo baada ya Isha. Wauzaji pia wamealikwa, na kijana ameahidi kuja.