Ukuaji wa Jinsia: Maelezo ya Kibiolojia na ya Mageuko

Katika saikolojia, jinsi ni maumbile ya mtu ya kiume au ya kike, ilhali jinsia ni namna anavyojitambua na kuishi akiwa mwanamume au mwanamke katika jamii yake. Makala haya yanaeleza mchango wa maumbile katika ukuaji wa jinsia, na mipaka ya mchango huo.

Kromosomu na homoni

Hadi takriban wiki ya sita ya ujauzito, tezi za uzazi za kijusi hazijabainika kuwa za kiume wala za kike. Kijusi chenye kromosomu XY kina jeni ya SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, ambayo huzichochea tezi hizo ziwe korodani. Korodani nazo hutoa testosteroni, homoni inayojenga viungo vya kiume. Pasipo jeni hiyo, kwa kawaida tezi huwa ovari.

Je, homoni hizo hugusa ubongo pia? Ushahidi mmoja unatokana na maradhi ya kurithi ambayo tezi zilizo juu ya figo hushindwa kutengeneza kotisoli ya kutosha, badala yake zikazalisha homoni za kiume kupita kiasi. Wasichana wenye maradhi haya huelekea kupenda michezo ya wavulana kuliko wenzao. Hata hivyo, wengi wao hujitambua kuwa wanawake. Kwa hiyo homoni huelekeza mapendeleo, lakini haziamui kila kitu.

Kisa cha David Reimer

Mwaka 1966, katika mji wa Winnipeg nchini Kanada, mtoto wa kiume wa miezi minane aliunguzwa uume wakati wa kutahiriwa. Mwanasaikolojia John Money aliwashauri wazazi wamlee kama msichana, akiamini kuwa malezi ndiyo hujenga jinsia. Mtoto hakuridhika kamwe na hali hiyo. Alipoelezwa ukweli akiwa kijana, alichagua kuishi kama mwanamume. Alijitoa uhai mwaka 2004, akiwa na miaka 38. Kisa kimoja hakitoshi kuthibitisha nadharia, lakini kilionyesha hatari ya kuyapuuza maumbile na ya kumficha mgonjwa habari zake.

Maelezo ya mageuko

Mwaka 1972 Robert Trivers alieleza kuwa mzazi anayegharimika zaidi kwa mtoto huwa mwangalifu zaidi katika kuchagua mwenzi. Kwa binadamu, mama hubeba mimba na kunyonyesha. Wafuasi wa nadharia hii huona humo chanzo cha baadhi ya tofauti za tabia baina ya wanaume na wanawake.

Wakosoaji hujibu kwamba mazingira nayo yana nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Tanzania unalitia nuru suala hili. Miongoni mwa Wahadzabe, ambao akina baba hushiriki sana kulea watoto wachanga, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wasio na watoto. Miongoni mwa Wadatoga, ambao baba hushiriki kidogo, tofauti hiyo haikuonekana. Hivyo malezi nayo huigeuza homoni.

Maana yake katika huduma

Mtoto akizaliwa na viungo vya uzazi visivyobainika, mhudumu asikisie jinsi yake wala kumlaumu mama. Awaeleze wazazi kwa upole kwamba uchunguzi unahitajika, kisha ampe mtoto rufaa bila kuchelewa. Maradhi ya tezi za juu ya figo yaliyotajwa yanaweza kuua katika wiki chache za mwanzo, kwa kuwa mwili hupoteza chumvi. Dalili zake ni kutapika, kukataa kunyonya, kulegea na kupungua uzito. Watoto wa kiume huwa na viungo vya kawaida, hivyo kwao dalili hizi zisidhaniwe kuwa maambukizi tu. Dawa za kufidia homoni, zikitolewa mapema na kuendelezwa maisha yote, humwezesha mtoto kukua na kuishi vyema. Uamuzi wa upasuaji usiohusu kuokoa maisha haustahili haraka. Mtoto mwenyewe atakuwa na neno lake.