SOMO: Kwa nini upepo wa tornado unaua watu wengi?



Tarehe 26 Aprili 1989, tornado ilipita katika wilaya ya Manikganj, inchi ya Bangladesh. Iliharibu Saturia na Daulatpur, ikaua watu karibu 1300 na kuacha maelfu bila makao. Tujifunze kwa nini upepo huo ni hatari hivyo.

Tornado ni nini?

Ni upepo wa kisulisuli unaozunguka kwa nguvu sana, kutoka wingu kubwa la radi mpaka chini. Mara nyingi unadumu dakika chache tu. Ule mkali kabisa unapita kilometa 300 kwa saa. Tukumbuke: mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma inaongezeka mara nne.

Mambo matatu yanayoua

1. Vitu vinavyoruka. Bati, ubao na tofali vinarushwa na kuwapiga watu, hasa kichwani.

2. Nyumba dhaifu. Bati lisilofungwa vizuri linang'oka, kisha kuta zinaanguka juu ya waliomo ndani. Ndiyo maana maskini wanaumia kuliko wengine.

3. Kuchelewa kukimbia. Tarehe 22 Mei 2011, tornado iliua watu 158 katika mji wa Joplin, Marekani. Ving'ora vililia mapema, lakini wakaaji wengi hawakukimbia mara moja. Walizoea kuvisikia bila jambo kutokea, wakangoja alama nyingine ya kuwahakikishia.

Hata katika inchi tajiri, tangazo lisiloaminiwa haliokoi mtu.

Sisi tufanye nini?

Huku kwetu Kongo tornado si jambo la kawaida. Lakini mvua za radi zenye upepo mkali tunazijua, na hema au turubai haviwezi kutukinga na upepo huo wala na radi. Kwa hiyo:

- Wingu zito likikaribia, tuingie katika jengo imara: shule, kanisa au msikiti. Tukae chini, mbali na madirisha, tukifunika kichwa kwa mikono.
- Tusijifiche chini ya mti.
- Tufunge mabati na kamba za hema kabla ya majira ya mvua, na tuondoe vitu vinavyoweza kuruka.
- Tuchague mapema watu wa kuwasaidia wazee, wagonjwa, walemavu na watoto.

Jengo imara mara nyingi ni la wenyeji waliotupokea. Je, mlango utafunguliwa kwa wote? Nani anashika ufunguo usiku? Mambo hayo hayapatanishwi wakati upepo umekwisha kufika. Wakuu wa kambi na wakuu wa kijiji wakae pamoja leo, wapatane juu ya ufunguo na alama moja ya hatari, kama ngoma au filimbi, itakayotumiwa kwa hatari ya kweli tu. Patano hilo ni kazi ya amani, kwa maana upepo hauulizi nani mwenyeji na nani mkimbizi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Jengo gani imara liko karibu nasi, na ni la nani?
2. Tangazo la nani linaaminiwa na watu wa pande zote?
3. Ni familia gani haitaweza kukimbia peke yake?