SOMO LA AFYA: SIMU YA MKONONI NA UDHIBITI WA KISUKARI

Kisukari ni maradhi yanayotokea pale mwili unapokosa insulini, au unaposhindwa kuitumia ipasavyo. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu macho, figo, mishipa na miguu. Mgonjwa huonana na daktari siku chache tu katika mwaka. Siku zilizobaki hujisimamia mwenyewe. Ndipo programu za simu zinapofaa, kwa kuwa huhifadhi vipimo vya sukari, saa, chakula, dawa na kazi aliyoifanya mgonjwa.

Mfano utolewe wa mkazi wa Bulyaga, kata iliyomo mjini Tukuyu, Wilaya ya Rungwe, ambako ndizi na viazi ndicho chakula cha kila siku. Vipimo vyake vya asubuhi ni vizuri, bali hupanda kila usiku baada ya mlo. Kipimo kimoja cha kliniki kisingeonesha jambo hilo. Daktari akiiona orodha ya majuma mawili, huenda akashauri kupunguza kiasi cha ndizi badala ya kuongeza dawa. Ndivyo ilivyo pia kwa mla wali na muhogo wa Unguja na Pemba.

Hata hivyo, wananchi wanapaswa kuzingatia yafuatayo:

1. Kizio cha kipimo. Milimoli 7 kwa lita ni sawa na miligramu 126 kwa desilita. Kizio cha programu kikitofautiana na cha kipima sukari, hesabu yote hupotoka, na dozi ya insulini inayotokana nayo yaweza kuua. Mgonjwa aende kliniki na vyote viwili, muuguzi avilinganishe.

2. Dawa. Programu haina mamlaka ya kubadili dozi. Mabadiliko yafanywe kwa maelekezo ya mtoa huduma.

3. Sukari kushuka. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 4, au mgonjwa akitetemeka na kutokwa na jasho, asishughulike na simu. Anywe mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani. Apelekwe hospitali bila kuchelewa.

4. Siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kabla ya kuridhia, mtumiaji aulize taarifa zake zinapelekwa kwa nani.

Asiye na simu ya aina hiyo hajapungukiwa. Daftari lenye tarehe, saa, kipimo na chakula hufanya kazi ile ile, mradi lifikishwe kliniki. Takwimu isiyosomwa na mtoa huduma, iwe katika simu au katika karatasi, haimponyi mtu.