Kutendwa na Kutendeka: Kiungo cha Bomba Kilicholegea

Katika zoezi la kumwandikia barua mwenye nyumba, mwanachuo mmoja wa Mbale aliandika: *Kiungo cha bomba la maji moto kimelegezwa.* Kiambishi *-w-* kimemwingiza mtu asiyetajwa. Nani aliyekilegeza? Fundi, au mpangaji mwenyewe? Barua imegeuka mashtaka, na gharama ya matengenezo yaweza kumwangukia asiyehusika. Ilitakiwa *kimelegea*. Bomba la mtambo wa jua hutanuka mchana na kusinyaa usiku. Kiungo hulegea bila mkono wa mtu. (*Legea* halina *-k-*, ila huonyesha hali kama vitenzi vya kutendeka.)

Linganisha:

*Bomba limepasuliwa.* / *Bomba limepasuka.*
*Nati haijakazwa.* / *Nati haikaziki.*

*Haijakazwa* yaweza kumlaumu fundi. *Haikaziki* humtetea, maana huenda meno ya nati yamelika.

Jinja, anzia Luganda ambayo wanafunzi wengi huisikia sokoni: *okumenyebwa* na *okumenyeka* hutofautiana vivyo hivyo.

Zoezi: Andika upya barua ile mara mbili, kwanza kama mpangaji asiyemshuku mtu, kisha kama aliyemwona fundi akiilegeza nati.