Imani Haivui Gambuti

Andiko la somo: Mathayo 4:5-7, Matendo 28:1-9, Mhubiri 10:8

Mvua imeshika, nyasi zimefika magotini, na vijana wetu wanajiandaa kwenda mlimani kwa maombi ya siku 3. Kwa sababu hiyo wiki hii nafundisha jambo ambalo hatulizungumzii sana madhabahuni: nyoka. Sisemi nyoka wa mfano. Nasema nyoka mwenyewe, yule wa shambani, wa kwenye choo, wa chini ya rundo la kuni.

Najua kuna mtu atasema, "Pasta, sisi tuna Zaburi 91." Ni kweli tunayo. Basi tuanze na hiyo.

1. Shetani pia anaijua Zaburi 91

Soma Mathayo 4 polepole. Ibilisi anamsimamisha Yesu juu ya hekalu, anamwambia ajitupe chini. Halafu anamtolea andiko, na andiko lenyewe ni Zaburi 91, mstari wa 11 na 12, pale panapotajwa malaika wa kumlinda mtu. Anaishia hapo. Mstari unaofuata, wa 13, ndio ule wa kumkanyaga simba na nyoka.

Angalia Yesu anavyojibu. Hasemi ile ahadi ni ya uongo. Anasema Mungu hajaribiwi. Ahadi ya ulinzi ni ya mtu anayetembea katika njia zake akifanya yale aliyotumwa. Si leseni ya kujitupa kutoka ghorofani, na si leseni ya kutembea miguu mitupu kwenye nyasi saa nane usiku bila tochi, ati kwa sababu unanena kwa lugha.

Biblia yenyewe inatuonya kuhusu mambo haya kwa njia ya kawaida kabisa. Mhubiri 10:8 inasema kuhusu mtu anayebomoa ukuta na nyoka aliyejificha ndani yake. Amosi 5:19 inamtaja mtu aliyefika nyumbani, akaegemeza mkono ukutani, nyoka akamuuma. Watu hao hawasemwi kuwa walikosa imani. Nyoka anapenda nyufa na mawe, na anayeweka mkono asikoona ataumwa.

2. Paulo alikuwa anaokota kuni

Tukifika Matendo 28, wengi tunakimbilia ule muujiza. Tusimame kidogo kabla yake. Meli imevunjika, mvua inanyesha, kuna baridi, na mtume mzima anaokota kuni kama kijana wa kutumwa. Nyoka alikuwa ndani ya mzigo wa kuni, joto la moto likamtoa. Paulo hakumtafuta nyoka, hakumshika kuonyesha upako. Aliumwa akifanya kazi, akamkung'utia motoni, na Mungu akamhifadhi.

Kule Marekani kuna makanisa machache ya milimani yaliyochukua Marko 16:18 na kuifanya sehemu ya ibada: wanaleta nyoka wenye sumu kanisani na kuwashika. Mhubiri aliyeeneza sana desturi hiyo, kuanzia miaka ya 1910 hivi, aliitwa George Went Hensley. Mwezi wa Julai 1955, huko Florida, aliumwa na nyoka aliyemshika ibadani, akakataa matibabu, akafa. Simhukumu, Mungu ndiye hakimu. Lakini tofauti yake na Paulo ionekane. Mmoja alikutana na nyoka njiani. Mwingine alimleta nyoka kwenye mkutano.

Na usisahau nani aliyeandika Matendo. Ni Luka, ambaye Wakolosai 4:14 inamwita tabibu, na alikuwa hapo kisiwani pamoja na Paulo. Katika safari moja kulikuwa na mtume anayewekea wagonjwa mikono na daktari anayewaangalia. Hakuna mahali wawili hao waligombana.

3. Mjue jirani yako

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka kati ya watu 81,000 na 138,000 duniani hufa kwa sumu ya nyoka, na mwaka 2017 liliweka jambo hili kwenye orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahaulika. Wengi wanaoumwa ni wakulima, wafugaji na watoto. Hapa kwetu, watu wa Baringo, Kitui na Kilifi wanajua ninachosema.

Nyoka wengi wa Kenya hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata wale wenye sumu hutukimbia. Lakini hawa watatu wajue:

*Kifutu*, ambaye wengine wanamwita bafe au moma. Ni mnene, mfupi, rangi yake kama majani makavu. Shida yake ni kwamba hakimbii. Anakusikia ukija na analala tu akitegemea humwoni. Ndiyo maana tunamkanyaga. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama.

*Swila*. Hapa kwetu tuna swila wanaotema sumu machoni. Yule mkubwa kuliko wote duniani wa aina hiyo anapatikana Kenya, na mwaka 2007 wataalamu walimpa jina la James Ashe, aliyeanzisha shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu. Swila huingia nyumbani usiku kufuata panya na kuku, na anaweza kumuuma mtu aliyelala sakafuni.

*Koboko*. Mrefu, mwepesi, mwenye haraka. Sumu yake hulegeza misuli, pamoja na ile ya kupumua. Kwa huyu saa moja ina maana kubwa.

4. Hekima ya kila siku

Yesu alituambia tuwe na busara kama ya nyoka (Mathayo 10:16). Busara hiyo inaanzia bomani.

- Fyeka nyasi kuzunguka nyumba. Mawe, matofali na mbao zilizobaki za ujenzi ziwe mbali na mlango. (Wazee wa ujenzi, lile rundo nyuma ya kanisa tunaliona.)
- Panya humleta nyoka. Funika nafaka, fagia mabaki, na banda la kuku lisishikane na chumba cha kulala.
- Usilale sakafuni kama unaweza kupata kitanda. Chomeka neti vizuri chini ya godoro. Tumezoea kusema neti ni ya mbu, lakini humzuia nyoka pia.
- Usiku hata kama choo ni hatua kumi, beba tochi na vaa viatu.
- Shambani vaa gambuti au viatu vya kufunika mguu, na suruali ndefu. Kuni zigeuze kwa fimbo kabla ya kuzishika. Usitie mkono shimoni.
- Ukimwona nyoka, simama, rudi nyuma polepole, mpe njia. Wengi huumwa wakijaribu kumuua. Akiingia nyumbani, toa watoto, mwangalie ukiwa mbali, na uwaite watu wa KWS au mtu aliyefunzwa.

Kwa vijana wa mlimani: chagueni mahali pa kuombea mchana, pafagieni. Mkitaka kutembea mkiomba, tembeeni kwenye njia, si vichakani, na macho yawe wazi. Mungu anasikia hata maombi ya macho wazi. Hakuna kuomba pangoni kabla mtu hajamulika ndani.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, kwa hivyo mnivumilie nipige hesabu kidogo. Jozi ya gambuti hununuliwa mara moja na hudumu misimu kadhaa. Mguu uliooza huleta hospitali, nauli, mtu wa kumlinda mgonjwa, na shamba lisilolimwa. Hakuna bei ya gambuti inayokaribia hasara hiyo.

5. Akiumwa mtu

Mwaka jana mama mmoja wa kanisa alinipigia simu usiku. Mwanawe wa miaka 11 alikuwa amegongwa mguuni akienda choo. Majirani walikuwa wameshafunga mguu kwa mpira wa tyubu na kuweka jiwe jeusi. Mama akaniuliza, "Pasta, tumlete kanisani kwanza, ama twende hospitali?" Nikamwambia, "Mama, nendeni hospitali sasa hivi. Maombi hayahitaji nauli, yatawakuta njiani." Kituo cha kwanza hakikuwa na dawa. Wakaendelea hadi cha pili, na tulikutana huko. Mtoto alipona, ingawa alipoteza vidole viwili vya mguu. Baadaye huyo mama aliambiwa na wapendwa kwamba vidole vilienda kwa sababu imani yake ilikuwa ndogo. Wapendwa, maneno hayo yakome. Vidole huharibiwa na sumu, na pia na ile tyubu. Mama aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni alikuwa na imani ya kutosha.

Fanya hivi:

- Ondokeni karibu na nyoka. Msimfuate kumkamata. Kumbukeni rangi na umbo lake tu.
- Mtulize mgonjwa, alale. Asitembee wala kukimbia, kwa sababu misuli ikifanya kazi sumu husambaa haraka.
- Vua pete, bangili, saa na kiatu kabla ya uvimbe.
- Fungia mguu au mkono kwa ubao usicheze, kama aliyevunjika mfupa, bila kukaza.
- Andika saa aliyoumwa. Mbebe. Kama ni boda boda, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika.
- Akitapika au kuzimia, mlaze kwa ubavu wa kushoto.
- Swila akikutemea machoni, usisugue. Osha kwa maji mengi safi dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Usifanye hivi: kukata kwa wembe, kufyonza, kufunga kwa nguvu, kupaka mafuta taa, kumpa pombe au dawa za kienyeji, kumpiga shoti ya umeme. Jiwe jeusi kwa kawaida ni mfupa uliochomwa, na haliondoi sumu mwilini. Mafuta ya upako tupake kichwani, si kwenye kidonda, na tuyapake gari likiwa linakwenda.

6. Kazi ya kanisa

Kila kikundi cha nyumbani, wiki hii, kiulize na kuandika: ni hospitali gani ya karibu iliyo na dawa ya sumu ya nyoka? Si kila kituo kinayo, na usiku wa shida si wakati wa kuanza kuuliza. Andikeni pia namba za watu wawili wenye boda boda au gari, na mweke akiba ndogo ya nauli ya dharura. Hiyo ni huduma kama kwaya ilivyo huduma.

7. Damu inayoponya

Mnajua dawa hiyo hutoka wapi? Kwa kawaida hutoka kwa farasi. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, mwili wake unapigana nayo, na kutoka kwa damu yake inatengenezwa dawa ya kumwokoa mtu ambaye hangeweza kuishinda sumu ile peke yake. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikakaa kimya. Jangwani watu waliumwa, na Mungu akamwambia Musa ainue nyoka wa shaba (Hesabu 21). Katika Yohana 3:14 Yesu alisema naye atainuliwa vivyo hivyo. Mwingine amebeba sumu yetu, na damu yake inatosha. Mungu aliyefanya hilo hawezi kuaibika mtoto wake akipokea dawa kwa mkono wa nesi.

Maswali ya kikundi cha nyumbani

1. Kuna tofauti gani kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu? Toa mfano wa nyumbani kwako.
2. Tumewahi kumwongezea mgonjwa mzigo kwa kusema hana imani? Tufanyeje naye?
3. Nani ataulizia hospitali, na atatuletea jibu siku gani?

Ombi

Baba, walinde watoto wetu njiani, shambani na kitandani. Tupe macho ya kuona tunapokanyaga, na moyo wa kukimbia kumsaidia aliyeumwa. Wakumbuke madaktari na manesi usiku wa leo. Katika jina la Yesu, amina.