HALALI NA TAYYIB: SOMO JUU YA NYAMA NA MKAGUZI WAKE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, limeenea katika miji yetu ya pwani neno litakalo kutazamwa. Afikapo Bwana Afya kwenye duka la nyama, husemwa: "Huyu ana haja gani nasi? Nyama hii imechinjwa na Muislamu, ikatajiwa Bismillahi, basi, imekwisha." Sisi twasema: haijesha. Nusu ya amri imeshikwa, na nusu imeachwa.

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, watu wameamrishwa kula vilivyo halali na vilivyo tayyib. Halali ni hukumu ya sharia. Tayyib ni kilicho kizuri na kisafi, kisichomdhuru mwenye kukila. Mchinjaji hutimiza la kwanza kwa kisu chake na jina la Mola wake. La pili lataka jicho la mwenye ilimu.

Kwani ndani ya ng'ombe huweza kuwamo vifuko vidogo vya tegu, vilivyojificha katika minofu ya taya na ya moyo. Mtu akila nyama hiyo haikuiva, mnyoo humkulia tumboni. Huweza kuwamo kifua kikuu, ambacho hutambulikana katika mapafu na matezi. Ndiyo maana mkaguzi humtazama mnyama yungali hai, na akisha kuchinjwa hupasua taya, mapafu, ini na moyo. Kilichoharibika huteketezwa, na kilicho salama hupigwa muhuri. Jina la Mwenyezi Mungu halitajwi ili lifunike ugonjwa ambao mwenye mnyama aujua.

Tukumbuke msiba wa mwisho wa mwaka 2006 na mwanzo wa 2007. Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, ikafika hata pande za pwani, na katika Kenya walikufa watu zaidi ya 100. Ugonjwa huo huchukuliwa na mbu, na pia hupatikana kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Walio wengi wa watu wa Garissa ni Waislamu, na uchinjaji wao ni wa kisharia. Wala hilo halikuuzuia ugonjwa.

Mtu atasema: "Ukaguzi ni mambo ya serikali, si ya dini." Jawabu: Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya ni ya mwaka 1921, na ile ya kusimamia nyama ni ya 1972. Lakini imo katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake akakuta umaji; akamkemea muuzaji kwa kuuficha, na akajitenga na mwenye kughushi. Na katika karne ya 6 ya Hijra, Al-Shayzari wa Sham aliwaandikia kitabu wasimamizi wa masoko. Aliagiza wachinjaji wasichinje milangoni mwa maduka, damu ikachafua njia. Gogo la kukatia nyama linyunyizwe chumvi kazi ikisha. Na mkanda unga wa mikate ajifunge kitambaa usoni. Je, Bwana Afya ametuletea jambo gani geni?

Basi twausia. Mwenye duka, usinunue nyama iliyoingizwa usiku bila ya muhuri, wala usimpe mkaguzi kitu ili afumbe jicho. Hapo umekusanya rushwa na ghushi. Mnunuzi, tazama muhuri kabla ya kuuliza bei. Mkaguzi, tangu Katiba ya 2010 kazi hii ni ya serikali za kaunti, na wengi wenu ni wana wetu: muhuri ni ushahidi, na aupigaye juu ya asichokitazama ameshuhudia uongo. Nanyi wenye arusi na Idi, msimchinje mnyama aliyeugua kwa kukimbia hasara, mkawalisha wageni wenu maradhi.

Mwenyezi Mungu aturuzuku halali iliyo tayyib, na atuepushe na kula mali ya ndugu zetu kwa kuwadhuru. Amin. Wabillahi tawfiq.